Kereng'ende wa Mwalimu Mogga

Paska alipoolewa na Mwalimu Mogga, watu wa Dranya walimwambia amebahatika. Mume ana mshahara, ana baiskeli, pombe hagusi, na mahari ameitoa bila kusukumwa. Hakuna aliyemwambia kwamba ndani ya nyumba ile kulikuwa na mke mkubwa, mwenye mbawa nne, aliyekufa kabla ya ndege wa kwanza kuruka. Huyo Paska alimgundua mwenyewe, wiki ya kwanza tu, wakiwa wanakula.

"Wewe najua kereng'ende?" Mwalimu alimwuliza.

Paska alisema anamjua. Nani hamjui kereng'ende? Wamejaa kijitoni, watoto huwafunga uzi mkiani.

"Zamani ile mdudu ilikuwa namna hii." Mwalimu akanyosha mkono wake wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akagusa bega, halafu akagusa ncha ya kidole cha kati. "Mbawa yake, toka hapa mpaka hapa."

Paska aliutazama mkono, akautazama mchuzi uliokuwa ukipoa. Alikuwa na miaka kumi na minane. Alidhani ni mzaha wa mwanamume anayetaka kumchekesha bibi harusi, akacheka kwa adabu. Mwalimu hakucheka.

Mambo hayo alikuwa ameyatoa kwenye chuo cha ualimu, katika kitabu kimoja chenye picha ya jiwe. Wachimba makaa ya mawe huko Ulaya walilitoa chini ya ardhi, na juu ya jiwe ubawa wa mdudu ulikuwa umejichapa pamoja na mishipa yake yote. Walimu wake walimwambia yule mdudu aliruka duniani miaka milioni mia tatu iliyopita. Wakati huo hapakuwa na ndege, hapakuwa na ng'ombe, hapakuwa na ua hata moja. Palikuwa na misitu ya maji na hewa yenye nguvu kuliko hii tunayovuta, na kwa sababu ya hewa ile, wengine wanasema, vidudu vilikua vikawa majitu, hata jongoo alikuwa mrefu kuliko mtu. Wanafunzi wenzake walinakili habari hiyo, wakafaulu mtihani, wakaisahau. Mogga alirudi nayo nyumbani. Wanaume wengine hushikwa na chupa, wengine hushikwa na wanawake wa sokoni. Huyu alishikwa na mdudu.

Nyuma ya nyumba yao kilisimama kichuguu kilichopita jiko kwa urefu. Mgeni angeona rundo la udongo. Kwa watu wa Dranya na Koboko nzima kichuguu kina mwenyewe, kama ng'ombe anavyokuwa na mwenyewe, na baba humwachia mwanawe. Mvua zikianza, mwenye kichuguu hufyeka nyasi, huchimba shimo dogo, hujenga kibanda cha fito na majani juu ya matundu, kisha yeye na watu wake huketi na kupiga vijiti juu ya vibuyu, haraka haraka, ili kumbikumbi walioko chini wadhani mvua inanyesha na watoke. Wanatoka kwa maelfu, wanaanguka shimoni, na nyumba inapata kitoweo cha mwezi mzima. Mtu akipiga vijiti kwenye kichuguu cha mwenzake, amekwiba, sawasawa na aliyeingia ghalani. Na watu wakigombea shamba, wazee hawaulizi karatasi. Wanauliza: kumbikumbi wa hapa nani anakula? Atakayetaja baba, babu na baba wa babu waliokula pale, shamba ni lake.

Mwalimu Mogga alikifanya kichuguu cha baba yake kuwa darasa. Kumbikumbi wakitoka alasiri baada ya mvua, kereng'ende nao hupanda kutoka kijitoni kuja kuwala hewani, na Mwalimu aliwaleta wanafunzi wa darasa la saba wasimame waangalie. Paska alikuwa akikusanya kumbikumbi kwenye sufuria huku nyuma yake sauti ikieleza kwamba huyo mwindaji mnayemwona ni mjukuu wa jitu. Halafu mkono ulinyoshwa, bega hadi ncha ya kidole. Watoto waliguna. Mmoja hakuguna, aliuliza maswali, na huyo ndiye Mwalimu aliyempenda. Jina lake Sule, mtoto wa baba mdogo wa Mogga, mwenye akili kali kama wembe.

"Mwalimu," Sule aliuliza siku moja, "kama watu hapakuwa, hizo wadudu ilikuwa ya nani?"

"Ya nobodi," Mwalimu akasema, akifurahi mpaka macho yakang'aa. "Dunia hii ilikaa na wadudu kabla mtu moja kusema hii iko yangu."

Paska aliyasikia, akaendelea kupepeta mbawa. Alikuwa na mtoto mgongoni, Rosa, na Rosa alikuwa akilia anataka kushuka ale kumbikumbi wabichi.

Mwaka wa sabini na tisa serikali ikaanguka, na watu wa Koboko, ambao karibu kila boma lilikuwa na mtu jeshini, wakaanza kulala na viatu miguuni. Baba yake Sule alikuwa askari. Alikwenda kusini na kikosi chake na hakurudi, wala mwili, wala salamu. Mama yake Sule alikwenda kwa kaka zake upande wa Sudan kutafuta pa kushika, na kijana akabaki kwa Paska ili amalize shule. Paska alimpikia. Alimfulia shati la shule. Msimu wa mvua alimwekea bakuli lake mwenyewe la kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi, akalificha juu ya dari ya jiko ili wageni wasilimalize. Hayo ayakumbuke anayetaka kumhukumu Paska kwa chuki aliyokuja kuwa nayo baadaye.

Mwaka uliofuata surua ilipita Dranya, ikamchukua Rosa akiwa na miaka mitatu. Walimzika karibu na kichuguu, upande wa mawio, na Sule ndiye aliyeshika jembe pamoja na Mwalimu. Kaburi lilikuwa bado halijaota nyasi askari wa serikali mpya walipoingia Oktoba kulipiza kisasi. Koboko nzima ikakimbia. Sule alikwenda Sudan kumfuata mama yake, Mwalimu na Paska wakavuka kuingia Zaire na godoro moja, sufuria moja, na baiskeli isiyo na mnyororo.

Walikaa kule karibu miaka saba. Paska alilima mashamba ya watu kwa ujira wa muhogo. Msimu wa kwanza wa mvua aliona kichuguu porini, hakuna nyumba karibu, hakuna uzio, njaa inamtafuna, akakaa akapiga vijiti. Mwenyewe alitokea na fimbo ya ng'ombe. Alimchapa mgongoni kama mtoto, mwanamke mzima mwenye ndoa, na wake zake wakasimama kutazama.

"Kwenu hapana kichuguu?" yule mtu alimwuliza. "Mutu asiye na kichuguu, huyo mutu gani?"

Paska aliviacha vijiti pale pale. Alirudi kambini akajilaza kifudifudi, na siku ile akaapa moyoni kwamba atakufa kwao, kwenye kichuguu chao, karibu na mtoto wake, hata kama atarudi kwa kutambaa. Nje ya kibanda Mwalimu alikuwa amekusanya watoto wa wakimbizi, matumbo yao yamevimba kwa utapiamlo, akiwanyoshea mkono. Bega hadi ncha ya kidole. Paska alimsikia akisema miaka milioni mia tatu, akaziba masikio kwa kanga.

Walirudi mwaka wa themanini na saba. Dranya ilikuwa nyasi tupu zilizomzidi mtu kimo, lakini walipokaribia nyumbani waliona moshi. Kichuguu kilikuwa kimefyekwa vizuri. Kando yake palikuwa na kibanda kipya, na mlangoni kijana mrefu mwenye kofia ya sala akachuchumaa kuwasalimu kwa heshima zote.

"Karibu, Mwalimu. Karibu, Mama Rosa," Sule alisema.

Aliwapa maji. Aliwapa muhogo. Usiku waliulalia mkeka wake, na asubuhi, bila kupandisha sauti, akawaeleza kwamba yeye alirudi mwaka mmoja kabla yao, alifukuza nyoka, alichimba mizizi, amekula kumbikumbi wa hapa misimu miwili, na sasa hapa ni pake. Mwalimu anaweza kuomba mahali pengine, ardhi ni nyingi, watu wengi hawajarudi. Paska alidhani hakusikia vizuri. Aliposikia vizuri alitaka kumrushia kikombe, na hadi leo anajuta kwamba hakumrushia.

Wazee wa ukoo waliitwa. Kesi ilikuwa nyepesi, kila mtu alijua. Mkubwa wao, Mzee Lomoro, alikuwa amekula kumbikumbi wa kichuguu kile na baba yake Mogga kabla Sule hajazaliwa. Alilopungukiwa ni maneno tu, yatoke kinywani mwa mwenyewe mbele ya watu, kama desturi inavyotaka. Asubuhi ya kesi Paska alimfunga mumewe vifungo vya shati kama anamwandaa mtoto wa shule.

"Wewe taja majina tatu," alimwambia. "Baba yako, babu yako, baba yake babu. Halafu kaa kimya. Hapana ongeza."

"Sawa," alisema Mwalimu.

"Rosa iko pale, Mwalimu. Hapana ongeza."

"Nimesikia, mama."

Wazee waliketi kwenye viti vya kukunja mbele ya kichuguu chenyewe. Wanawake walikaa chini, pembeni. Nyuma walisimama vijana wengi, na Paska aliwatambua: darasa la saba, lililosalia, lenye ndevu sasa. Mzee Lomoro akamwuliza Mogga, kumbikumbi wa hapa nani anakula? Mogga akasimama akataja majina matatu, kwa sauti safi ya ualimu, wazee wakitikisa vichwa. Paska akaanza kupumua. Desturi ikampa Sule nafasi ya swali moja.

Sule alisimama taratibu. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Mimi sina maneno na mwalimu wangu," alisema. "Yeye alinifundisha kila kitu. Nataka tu aseme mbele ya wazee ile alitufundisha hapa hapa. Kabla ya babu yetu, hii kichuguu ilikuwa ya nani?"

Mwalimu alishika kifungo cha juu cha shati lake.

"Na kabla ya hapo? Na kabla ya mtu moja? Mwalimu, ile ulitufundisha ilikuwa kweli, ama ulitudanganya?"

Angeweza kusema mengi. Angeweza kusema hilo ni somo la shule na hii ni kesi ya ardhi. Angeweza kukohoa, akaomba maji, akamwambia mtoto huyu mjinga aende akamwulize mama yake. Mchuuzi yeyote wa chumvi pale Vurra, anayevuka mpaka kila siku kwa kumwambia afande hili na afande yule lile, angejitoa kwa sentensi mbili. Lakini mume wa Paska aliwatazama wale vijana waliosimama nyuma, na Paska akaona uso wake ukibadilika, akaujua uso huo, akajua wamekwisha.

"Ilikuwa kweli," Mwalimu alisema.

Na akaongeza. Mungu amsamehe, kwa maana Paska hajamsamehe, akaongeza. Alianza na msitu wa maji. Akaja kwenye hewa nzito. Akanyosha mkono mbele ya wazee wa ukoo, akagusa bega, akagusa ncha ya kidole, akasema kereng'ende walikuwa wakiwinda hapa duniani miaka milioni mia tatu kabla ya sisi, na hakuna babu wa mtu yeyote aliyekuwepo kusema hii ni yangu. Alisema vizuri. Hiyo ndiyo iliyomuuma Paska kuliko yote, kwamba hajawahi kumsikia akisema vizuri namna ile. Hata wazee walisahau kutema tumbaku.

Alipokaa, Mzee Lomoro alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama ng'ombe mzuri aliyevunjika mguu.

"Mwalimu," alisema, "mimi nilikuja hapa kukupa nyumba yako. Sasa wewe mwenyewe, na mdomo yako, umesema hii kitu haina mwenyewe tangu mwanzo. Kitu haina mwenyewe, desturi inasema nini? Iko ya ule alifika mbele, na baada ya kukimbia, Sule alifika mbele yenu. Nitafanya nini?"

Hakufanya lolote. Kichuguu kikawa cha Sule.

Njiani Paska alitangulia mpaka walipofika kijitoni. Pale aliweka sufuria chini.

"Kwa nini hukusema uongo?"

"Wale vijana walikuwa wanasikiliza," Mwalimu alisema. "Nikisema niliwadanganya ile moja, watasema niliwadanganya yote."

"Wale watoto ya watu."

"Ndiyo."

"Ya kwako iko chini ya udongo ya Sule."

Maji ya kijito yalikuwa yamejaa kereng'ende wadogo, wekundu na wa buluu, wanaruka wawili wawili. Paska alichukua tawi akawapiga, akawapiga mpaka mkono ukachoka, na hakumpata hata mmoja.

Walipewa kipande cha ardhi Lobule, chenye mawe, kisicho na kichuguu. Mwalimu alipata kazi katika shule iliyokuwa ikijengwa upya, akawa anatembea kwenda na kurudi. Hawakupata mtoto mwingine aliyekaa; mimba mbili zilitoka, ya tatu Paska hakumwambia mtu. Msimu wa mvua, majirani walipopiga vijiti, yeye alinunua kumbikumbi sokoni Koboko, kikombe kimoja kimoja, kama mgeni. Wauzaji wengine walikuwa wanafunzi wa mume wake. Walimwongezea kidogo juu ya kikombe na kumwuliza Mwalimu hajambo, na walisema hakuna mwalimu kama yule, walisema wangali wanakumbuka yule mdudu mkubwa. Paska alishukuru, akaondoka na kikombe chake.

Ndani ya nyumba walikaa kama wapangaji wawili. Hawakugombana. Mwalimu alikuwa mpole, alichota maji mwenyewe ugonjwa wa kifua ulipomruhusu, na hakukosa kusema asante kwa kila sahani. Paska alikuwa akingoja. Alingoja aseme, mara moja tu, kwamba siku ile alikosea. Hakusema, na Paska alijua kwa nini: hakuona kama alikosea. Aliona alipata hasara, hilo aliliona, lakini hakuona kosa.

Mwaka wa tisini na tatu habari ikafika Lobule kwamba Sule anajenga nyumba ya matofali. Alikuwa amestawi kwa biashara ya vipuri vya baiskeli. Udongo wa kichuguu hutoa matofali mazuri kuliko udongo wowote, kila fundi anajua, hauna mchanga na hukauka bila kupasuka. Paska alijifunga kanga akatembea kwenda Dranya bila kumuaga mtu.

Alipotokea kwenye njia alikitafuta kichuguu kwa macho ili ajue amefika, akapita mpaka wa shamba bila kujua. Hakikuwepo. Palikuwa na shimo kubwa lenye maji ya mvua, na tanuru lililokwisha kubomolewa, na nyumba nyekundu ya vyumba vinne.

Sule mwenyewe alikuwa safarini. Mke wake, msichana wa Arua aitwaye Driciru, hakumjua. Alimkaribisha vizuri, akamwekea kiti kivulini mwa ukuta.

"Upande huu ilikuwa na kaburi," Paska alisema. "Ya mtoto."

Driciru alishika mdomo. Alisema hakuambiwa. Alisema wafanyakazi walichimba pande zote mpaka chini, na mume wake alikuwa akisimamia, na hakuna aliyesema kitu juu ya kaburi. Paska akamwambia mume wako alijua, alishika jembe. Msichana akaanza kulia, na Paska, ambaye alikuwa amekuja kulia, akajikuta anambembeleza mke wa Sule.

Kabla ya kuondoka aliuliza udongo wa upande wa mawio ulijenga ukuta upi. Hakuna aliyejua. Matofali yalichomwa yote pamoja. Alizunguka nyumba ile akiweka kiganja kwenye ukuta, wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Ukuta ulikuwa na joto la jua na hakuna zaidi. Alikaa tena kidogo, akanywa maji aliyopewa, kisha akaaga.

Alifika Lobule jua likishuka. Mwalimu alikuwa ameketi mlangoni akisahihisha madaftari, miwani imefungwa kwa uzi. Aliona vumbi jekundu mikononi mwake.

"Umetoka wapi, mama?"

"Dranya."

Alimwambia yote, kwa maneno machache. Kichuguu hakuna. Kaburi hakuna. Nyumba iko nzuri. Mwalimu alivua miwani akaiweka juu ya madaftari, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, hakuwa na la kufundisha. Mikono yake ilitulia mapajani. Paska aliona ameumia, aliona kabisa, na hata hivyo moyo wake haukulainika.

"Mwalimu," alisema, "wewe unajua hesabu ya miaka milioni mia tatu."

Mwalimu aliinua uso.

"Nihesabie moja ndogo. Rosa leo angekuwa na miaka ngapi?"

Mwalimu Mogga alitazama chini. Midomo yake ikachezacheza, vidole vikagusana kimoja kimoja, kama watoto wa darasa la kwanza wanavyofanya chini ya dawati. Ilimchukua muda. Paska alisimama pale pale mlangoni, vumbi likimkauka mikononi, akamngoja amalize.

"Kumi na tatu," alisema hatimaye.

"Kumi na sita," Paska akasema. "Wewe umehesabu toka siku tulimzika."